Mwongozo: kupima miale ya kosmiki inazidi upande gani wa anga, kwa darubini ya myuoni

Ukilaza bamba la kugundua chembe juu ya meza karibu na usawa wa bahari, kila sentimita moja ya mraba hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika, yaani chembe inayozaliwa miale ya kosmiki inapogonga hewa ya juu. Wengi huishia hapo: wanahesabu, wanachora grafu, wanafunga kazi. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuvuka hapo na kujua kama myuoni hizo zinaingia kwa wingi sawa kutoka kila upande. Haziingii kwa wingi sawa. Lakini kuna tofauti za aina tatu, na ukubwa wake umepishana mno, kwa hiyo amua mapema unaifuata ipi.

Ya kwanza ni ya magharibi na mashariki. Inasababishwa na uga sumaku wa dunia, na karibu na ikweta inaweza kufikia asilimia kumi hivi. Ukielekea kwenye ncha za sumaku inafifia. Ya pili ni wimbi la kila siku linalofuata jua, lenye sehemu moja au chache za kumi za asilimia. Ya tatu hufuata nyota, na hata kwenye vigunduzi vikubwa duniani ni kama asilimia 0.1. Ushauri wangu: anza na ya kwanza hata kama kilichokuvutia ni ya tatu. Darubini isiyoweza kuiona magharibi ikizidi mashariki haina biashara na nyota.

Kinachopimwa ni nini hasa

Miale ya kosmiki, yaani protoni na viini vingine kutoka anga za mbali, hugonga hewa ya juu na kuzaa chembe ziitwazo payoni, nazo payoni huvunjika haraka na kutoa myuoni, nyingi zikiwa kwenye kimo cha kilomita 15 hivi. Myuoni iliyotulia huishi maikrosekunde 2.2 kwa wastani. Kwa muda huo hata mwanga haufiki mita 700, ila kwa kasi ziliyonayo, muda wao hurefuka kama nadharia ya uhusianifu inavyotaka, na nyingi hutufikia. Zile zinazokuja kwa mshazari hupita hewa nyingi zaidi, hivyo hupungua. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba wingi wake hufuata mraba wa kosaini ya pembe kutoka wima: kwenye nyuzi 45, unabaki na nusu.

Sasa uga sumaku. Karibu na ikweta ya sumaku, chembe yenye chaji chanya inayoshuka wima huhitaji ugumu wa kupindwa (kipimo cha jinsi chembe inavyoupinga uga sumaku usiipinde) wa gigavolti 15 hivi ili ifike. Ikitokea upeo wa mashariki huhitaji karibu 60; ikitokea upeo wa magharibi, 10 tu. Mlango wa magharibi uko wazi zaidi kwa chembe chanya, na kama miale ingekuwa hasi, ingekuwa kinyume. Bruno Rossi alilitabiri hilo mwaka 1930. Mwaka 1933 Thomas Johnson, na vilevile Luis Alvarez akiwa na Arthur Compton, walipima Mexico City. Rossi naye akapima Asmara mwaka huohuo. Wote walikuta magharibi inazidi. Neli chache za Geiger, zinazotoa pigo la umeme chembe inapopita, zilitosha kuonyesha kwamba miale ya kosmiki si mwanga bali ni chembe zenye chaji, na chaji hiyo kwa sehemu kubwa ni chanya.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kununua chochote

Darubini ya myuoni ni mabamba mawili yaliyoachana, yanayohesabu pale tu yote mawili yanapopigwa kwa wakati mmoja. Kadirio la haraka la hesabu kwa sekunde: chukua 70, zidisha kwa eneo la bamba la kwanza na la pili kwa mita za mraba, gawanya kwa mraba wa umbali kati yao, kisha zidisha kwa mraba wa kosaini ya pembe. Mabamba ya sentimita 20 kwa 20 yaliyoachana sentimita 40, yakiinamishwa nyuzi 45, hutoa 0.35 kwa sekunde. Kadirio hili huzidisha kidogo, kwa hiyo tegemea hesabu 25,000 kwa siku.

Je, zinatosha? Hesabu N hutikisika kwa kipeuo cha pili cha N. Tofauti tunayoitafuta tuiandike A = 2(M − S)/(M + S), M ikiwa magharibi na S mashariki. Kosa lake ni kipeuo cha pili cha 2/N, N ikiwa hesabu ya upande mmoja. Ukiwa na 20,000 kila upande, kosa ni asilimia 1. Kama uko karibu na ikweta, siku mbili tu zinakupa jibu lisilo na ubishi.

Wimbi la kila siku ni habari nyingine. Kuliona wimbi la asilimia 0.2 likiwa mara tano ya kosa lake kunadai hesabu milioni 12.5 hivi, na kwa darubini yetu ndogo hizo ni siku 500. Mabamba ya sentimita 50 kwa 50 yaliyoachana mita 1 hutoa mara sita ya hesabu, hivyo siku 500 zinashuka hadi 80. Ndiyo maana ni busara kupanga mabamba makubwa tangu mwanzo kama nia yako ni kufika huko. Vigunduzi vidogo vya mfukoni vya aina ya CosmicWatch, vyenye bamba la sentimita 5 kwa 5, ni vizuri kwa kujifunzia, lakini kwa kazi ya mwelekeo utazeeka ukisubiri.

Hatua ya 2: Tengeneza mabamba

Tumia sintileta ya plastiki, yaani plastiki inayotoa mwanga chembe inapopita, yenye unene wa sentimita 1. Myuoni ikipita wima huacha humo nishati ya MeV 2 hivi (elektronivolti milioni mbili), ya kutosha kutoa mwako unaosomeka. Gandisha kihisi cha mwanga cha aina ya SiPM kwa grisi angavu inayopitisha mwanga, usiache kiputo cha hewa. Funga bamba kwa karatasi nyeupe au ya alumini inayorudisha mwanga ndani, kisha utepe mweusi wa umeme juu yake, tabaka mbili zinazopishana. Pembe nne na pale nyaya zinapotokea ndipo mwanga hupenya. Zima taa, anza kuhesabu, halafu pitisha tochi ya simu polepole kwenye kila mshono. Hesabu ikiruka mahali fulani, hapo pana tundu, hata kama macho hayalioni.

Neli za Geiger nazo zinafaa. Hazihitaji giza, ila ni taratibu zaidi na eneo lake ni dogo.

Hatua ya 3: Panga sadfa na kizingiti

Sakiti ya sadfa hupokea mapigo ya mabamba yote na kuhesabu yale tu yaliyoingia ndani ya dirisha dogo la muda. Hapa kelele ndiyo adui. Sadfa za uongo kwa sekunde ni mara mbili ya urefu wa pigo ikizidishwa kwa kasi za kupiga za mabamba mawili. Kwa mapigo ya nanosekunde 100 na kasi ya 50 kwa sekunde kila bamba, unapata 0.0005, kitu cha kupuuza. Acha kizingiti, yaani ukubwa wa pigo dogo kabisa linalohesabiwa, kiwe chini mno hadi kila bamba lipige 500 kwa sekunde, na sadfa za uongo zinafika 0.05, yaani sehemu ya saba ya hesabu yako yote! Bamba la tatu katikati hulimaliza tatizo hili karibu lote, na kama bajeti inaruhusu, liweke.

Kuchagua kizingiti: bana bamba unalolipima katikati ya mengine mawili. Hesabu ni mara ngapi mawili ya nje yanapiga pamoja, na katika hizo, mara ngapi la katikati nalo linapiga. Uwiano huo ndio ufanisi wake. Pandisha kizingiti kidogo kidogo na uandike. Utaona ufanisi ukibaki tambarare kwa muda kisha ukaporomoka. Kaa kwenye tambarare, mbali na ukingo. Sababu ni joto: volti ya kuanzia kazi ya SiPM husogea kwa milivolti 20 au zaidi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na chumba hupata joto mchana na kupoa usiku. Ukikaa ukingoni, kigunduzi chako kitakuchorea wimbi safi la saa 24 ambalo halijatoka angani.

Kabla ya kuendelea, sogeza bamba la juu kando mpaka mstari wa kupitia yote usiwepo, uache lihesabu kwa siku nzima. Sadfa zitakazobaki ni za manyunyu, yaani chembe nyingi zinazoshuka pamoja na kupiga mabamba yote kwa mkupuo. Andika kiasi hicho, kiondoe kwenye kila kipimo.

Hatua ya 4: Kitako, kitako, kitako

Hapa ndipo kazi huharibika, tena kwa jambo dogo la kifundi. Kwa kuwa wingi hufuata mraba wa kosaini, kwenye nyuzi 45 kosa la nyuzi moja tu hubadilisha hesabu kwa asilimia 3.5. Kitako kikiinama nusu nyuzi kuelekea mashariki au magharibi, darubini iliyofungwa kwa pembe ileile itatazama upande mmoja kwa 44.5 na mwingine kwa 45.5. Umejipatia asilimia 3.5 za bure, na zinafanana kabisa na athari unayoitafuta.

Basi weka mabamba kwenye fremu ngumu inayozunguka juu ya beringi au ekseli ya wima, juu ya kitako chenye bolti tatu za kurekebishia. Sawazisha kwa pima maji, na kila ukisoma, igeuze ncha kwa ncha usome tena kama mafundi wafanyavyo, maana pima maji yenyewe inaweza kuwa na kasoro. Kisha, kila mara unapoelekeza darubini upande mpya, pima pembe ya fremu yenyewe kwa pima maji ya kidijitali na uiandike hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Pembe iliyokusudiwa haina maana; iliyopimwa ndiyo inayoingia kwenye hesabu.

Chagua mahali ambapo nyuzi 45 kila upande kuna anga tupu au paa la unene uleule. Ukuta wa zege, kilima au jengo la jirani upande mmoja hula myuoni za nishati ndogo. Mita moja ya zege hugharimu myuoni kama nusu GeV, yaani elektronivolti milioni 500.

Kwa mwelekeo, dira inatosha, na kwa bahati nzuri athari hii hufuata sumaku, kwa hiyo unataka magharibi ya dira. Simama mbali na chuma cha fremu unaposoma. Kwa hatua za nyota utahitaji kaskazini halisi, hivyo andika zote mbili mapema.

Hatua ya 5: Pima magharibi na mashariki

Usipime magharibi siku nzima na mashariki siku inayofuata. Kanieneo ya hewa ikipanda hektopaskali moja, myuoni hupungua kwa asilimia 0.1 hadi 0.2, na hali ya hewa haikusubiri. Pima kwa mpangilio wa magharibi, mashariki, mashariki, magharibi, saa tatu kila kipande, kisha rudia. Mpangilio huo hufuta badiliko lolote linalokwenda mstari mnyoofu ndani ya mzunguko mmoja. Ukiwa na mota ndogo, geuza kila nusu saa na hutakuwa na wasiwasi huo tena.

Ongeza kaskazini na kusini kama kipimo cha ulinganisho. Karibu na ikweta hutarajii tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Ukiiona, kuna kitu kwenye chombo au kwenye mazingira, na usiamini namba ya magharibi mpaka ukipate.

Hatua ya 6: Geuza kitako, anga haligeuki

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Pima pande nane kwa kila nyuzi 45 za dira, chora hesabu dhidi ya mwelekeo, na ulinganishe na wimbi moja la kosaini. Athari ya kweli huweka kilele karibu na nyuzi 270, magharibi. Tatizo ni kwamba kitako kilichoinama nacho huchora wimbi moja la kosaini, la umbo lilelile.

Nyanyua kitako chote, kizungushe nyuzi 180, kisimamishe bila kugusa bolti, upime upya. Kilichotokana na mwinamo wa kitako kitahamia upande wa pili pamoja nacho. Kilichotoka angani kitabaki magharibi. Wastani wa vipimo viwili hufuta cha uongo, na nusu ya tofauti yake hukuambia kilikuwa kikubwa kiasi gani. Ila angalia: sakafu yenyewe ikiwa imeinama, mwinamo huo hauhami na kitako, na hapo pembe ulizopima kwa pima maji ndizo zitakazokuokoa. Fanya yote mawili.

Hatua ya 7: Kutoka pande za dunia hadi wimbi la siku

Ukiridhika na magharibi, acha kuzungusha. Kwa wimbi la kila siku, dunia yenyewe ndiyo itakayoizungusha darubini yako. Hifadhi hesabu ya kila dakika tano kwenye faili, pamoja na kanieneo, joto la chumba na joto la kihisi. Muda uandike kwa UTC, saa 0 hadi 23, usichanganye na saa za kienyeji. Kugeuza baadaye ni rahisi, kufumbua faili lililochanganywa si rahisi. Kristali ya mikrokontrola hupotea sekunde kadhaa kwa siku, hivyo chukua saa kwenye GPS au intaneti.

Rekebisha kanieneo kwa kuchora logi asilia ya hesabu dhidi ya kanieneo; mteremko wa mstari ndio kizidishi chako. Kwenye tropiki usilipuuze hili: kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, ikifika juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, kwa hektopaskali moja na ushee. Bila marekebisho hilo linakupa wimbi la uongo la asilimia 0.15, ukubwa uleule wa unachokitafuta.

Joto la angahewa ni gumu zaidi. Hewa ikipata joto hutanuka, myuoni huzaliwa juu zaidi, safari hurefuka na nyingi huvunjika njiani. Kipimajoto cha ukutani hakijui kinachotokea kilomita 15 juu. Dawa nzuri si kurekebisha, ni kufuta.

Hatua ya 8: Toa magharibi kwenye mashariki

Tengeneza darubini mbili pacha, moja ikitazama mashariki na nyingine magharibi kwa pembe moja, zikihesabu pamoja. Hewa iliyo juu ya zote ni ileile kwa karibu yote, hivyo ukichukua S − M na kugawanya kwa wastani wake, athari za kanieneo na joto karibu zote huondoka. Kila wiki zibadilishane nafasi, ili kasoro ya moja isijifanye mashariki.

Kinachobaki si wimbi lenyewe bali kasi ya kubadilika kwake. Darubini ya mashariki huona sasa sehemu ya anga itakayofika utosini baadaye; kwa nyuzi 45 karibu na ikweta ni saa tatu mbele, na ya magharibi ni saa tatu nyuma. Ukifanya hesabu, wimbi la tofauti lina ukubwa wa mara 1.4 ya wimbi la asili, na kilele chake hutangulia kile cha asili kwa saa sita. Kwa hiyo: panga data zote kwa saa 24 za siku ya jua, tafuta wimbi la kosaini linalozikaa kwa lahajedwali, gawanya ukubwa kwa 1.4, ongeza saa sita kwenye kilele.

Tarajia nini? Angani, nje ya uga wa dunia, mkondo wa miale unaozunguka pamoja na uga wa jua huonekana ukitoka upande wa saa 12 jioni. Uga wa dunia hupinda njia za chembe, hivyo ardhini kilele huonekana saa kadhaa mapema, mara nyingi mchana. Ukipata kilele sawasawa na saa ya joto kali chumbani, rudi hatua ya 3.

Siku ambazo mlipuko wa jua umeipita dunia, miale hushuka ghafla kwa asilimia kadhaa na kupanda polepole kwa siku nyingi. Scott Forbush alilieleza jambo hilo mwaka 1937. Ziondoe siku hizo kwenye wastani. Kujua ni zipi, tazama vituo vinavyohesabu nutroni za miale ya kosmiki kwenye kanzidata ya NMDB, ambayo iko wazi kwa wote. Usizitupe lakini: darubini za Nagoya, Hobart, São Martinho da Serra na Kuwait zimeunganishwa kuwa mtandao mmoja kwa ajili ya kuchunguza siku kama hizo, na GRAPES-3 ya Ooty, India, huhesabu pande 169 kwa mpigo kwenye eneo la mita za mraba 560.

Hatua ya 9: Siku ya nyota

Siku ya nyota, yaani muda wa dunia kujizungusha mara moja ikilinganishwa na nyota, ni fupi kuliko ya jua kwa dakika 3 na sekunde 56, hivyo mwaka mmoja una siku za jua 365.24 na za nyota 366.24. Panga data zilezile kwa siku ya nyota na utafute wimbi. Kusanya miaka mizima, si miezi, kwa sababu mawimbi hayo mawili huachana kikamilifu baada ya mwaka kutimia.

Hata hapo kuna mtego. Wimbi la jua hubadilika ukubwa kwa majira, na badiliko hilo humwaga sehemu yake kwenye mzunguko wa 366.24, likijifanya nyota. Bahati ni kwamba humwaga kiasi kama hicho upande wa pili, kwenye mizunguko 364.24 kwa mwaka, ambako hakuna kitu chochote angani kinachozunguka. Farley na Storey walionyesha njia hii mwaka 1954. Panga data mara ya tatu kwa mizunguko hiyo 364.24. Wimbi litakalojitokeza pale ni la uongo kwa hakika, na ukubwa wake ndio kipimo cha uongo ulioko kwenye siku yako ya nyota.

Wimbi la siku ya nyota likilingana na hilo la uongo, usiripoti kwamba umeona mwelekeo wa nyota. Ripoti kikomo: ukubwa ambao, kama ungekuwepo, ungeuona. Weka pamoja nacho idadi ya hesabu, pembe zilizopimwa na vipimo vyote viwili vya kitako, ili mwenye darubini nyingine aweze kujumlisha data yako na yake.